Bell wa Karamoja: Mpiga shabaha aliyeiacha bunduki aliyoipenda

UKIHESABU wawindaji waliovuma Afrika Mashariki, jina la Walter Bell halikosekani. Ndiye yule aliyebandikwa jina la 'Karamojo' Bell kwa sababu ya miaka yake ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wengi wanamkumbuka kwa idadi ya tembo aliowaangusha. Ila kwa mpiga shabaha, somo lake liko kwingine: jamaa hakuiamini bunduki yoyote kabla hajaiamini risasi yake.

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule hakuitaka kabisa, kichwani mwake kulikuwa na Afrika tu. Akiwa na miaka 16 hivi alishafika huku, akapata kazi kwenye reli ya Uganda ya kuwapiga simba waliokuwa wakiwala vibarua. Mkononi alikuwa na .303 inayopokea risasi moja moja. Hebu fikiria: simba yuko mbele yako, una risasi moja, halafu igome. Ndo basi tena.

Baadaye alikwenda Yukon, Canada, wakati wa mbio za dhahabu, akawa anawinda nyama ya kuwauzia wachimbaji. Mshirika wake akamtapeli, akabaki na bunduki yake tu, nayo akaiuza. Akajiunga na jeshi la Canada apate njia ya kurudi Afrika, akapigana vita ya Makaburu, akatekwa, akatoroka. Vita ilipokwisha mwaka 1902, akaelekea Karamoja.

Hapo ndipo alipowashangaza wenzake. Wawindaji wa tembo wa enzi hizo walibeba mizinga kama .577, ambayo kichwa cha risasi yake kina uzito wa gramu 48 hivi. Bell akachagua Rigby .275, yaani 7x57 ya Mauser, yenye kichwa kigumu cha kijeshi cha gramu 11.2. Watu walimwona kichaa. Kumbe mwenzao alikuwa amelipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akajua ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kwa mbele, kwa ubavu na hata kwa nyuma. Bunduki nyepesi haikumpiga bega, hivyo risasi ilikwenda alikotaka yeye.

Lakini bunduki aliyoiona nzuri kuliko zote haikuwa hiyo Rigby. Ilikuwa Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, nyembamba na nyepesi. Aliwinda nayo tembo na akaipenda sana. Akaiacha. Sababu ni moja tu: risasi alizopata za bunduki hiyo zilikuwa na kasoro. Akarudi kwenye 7x57, na tembo wapatao 800 kati ya 1,011 aliowaandika kwenye hesabu yake aliwapiga kwa bunduki za aina hiyo.

Huku kwetu Suma, ukisema bunduki mzee atafikiria gobore: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unaweka fataki. Gobore lina hatari zake, ila halina tatizo la risasi kugoma kuingia. Bunduki ya kisasa ni habari nyingine. Ganda la shaba lazima likae sawasawa ndani ya chemba, na tofauti ndogo kuliko unene wa ukucha inatosha bolti isifunge.

Bell alitumia risasi za kiwandani. Leo wapo wapiga shabaha katika nchi nyingi wanaojaza upya maganda yao wenyewe, na hao ndio wanaokutana na balaa hili mara nyingi. Visababishi vyake si vingi. Cha kwanza, ganda huvimba linapolipuka. Lisipobanwa vizuri kwenye kalibu, au kama lilipigwa kwenye bunduki nyingine, litagoma. Cha pili, ganda hurefuka kila linapotumika, na lisipopunguzwa mdomo wake hugota mwisho wa chemba. Hili ni baya zaidi, kwa sababu ukilazimisha, mdomo unakibana kichwa na presha inapanda kupita kiasi. Cha tatu, kichwa kimewekwa mbele mno hadi kinagusa mifereji ya mtutu. Cha nne ni uchafu tu.

Namna ya kumjua mchawi ni rahisi. Chukua ganda tupu, lisilo na baruti wala fataki, lililokwisha kubanwa na kupimwa urefu, uliingize kwenye chemba. Likigoma, ubaya uko kwenye ganda. Likiingia laini, weka kichwa bila baruti ujaribu tena. Likigoma sasa, kichwa ndicho kimezidi mbele au kimelivimbisha ganda wakati wa kukipachika. Lipake wino wa kalamu nzito na utaona pale linapokwaruzwa. Bolti hailazimishwi hata siku moja. Na hapa Tanzania, kabla ya yote hayo, kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015: bila kibali usiguse.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Bell alikuwa akiwinda Kongo ya Wafaransa. Akarudi Uingereza kujifunza urubani, akaletwa huku huku Afrika Mashariki ya Wajerumani kama rubani wa upelelezi. Wakati mwingine aliruka bila msaidizi ili apate nafasi ya kufyatua bunduki yake ya kuwindia akiwa angani. Ni vita ileile iliyofika kwetu Mei 1916, Waingereza walipoingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Na upande wa Wajerumani, shida ilikuwa risasi. Meli yao ya Rubens ilipigwa kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimeloa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe, zikaushwe na kujazwa upya kwa mkono.

Bell alipewa nishani ya Military Cross, akarudi Scotland, akaandika vitabu na kuishi kwenye shamba lake hadi alipofariki 30 Juni 1954. Kwa kipimo cha leo, tembo 1,011 ni idadi inayouma. Ilikuwa biashara ya pembe, na mwenyewe aliifanya kama kazi. Lakini miaka kumi na kitu mbele ya tembo na bunduki ndogo vile, halafu ufe ukiwa na miaka 73, si bahati tupu. Wapo waliokuwa na bunduki kubwa kuliko yake ambao hawakurudi nyumbani.