Murumbi: Alipelekwa kusoma India akiwa mtoto, akarudi akachagua upande wa mama

Hebu waza. Uko na miaka sita hivi. Baba na mama wameachana, na baba ameamua utasoma mbali. Mbali yenyewe si Kakamega wala Nairobi. Ni India. Unapandishwa meli, na siku utakayorudi nyumbani utakuwa mwanamume mzima mwenye ndevu.

Hayo ndiyo yaliyompata Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya. Wengi wetu tunamjua kama jibu la mtihani tu. Nani alichukua kiti baada ya Jaramogi? Murumbi. Unapata maksi yako, unasonga. Lakini kwa sisi wa Amukura, Malaba na Busia, ambako mtoto kuvuka mpaka kwenda shule ni jambo la kila muhula, huyu jamaa anatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa Eldama Ravine tarehe 18 Juni 1911. Miaka kumi tu kabla ya hapo, Ravine ilikuwa Uganda. Si utani. Hadi 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulikuwa unafika karibu na Naivasha, na hata huku kwetu tulikuwa ndani. Waingereza wakasogeza mstari, sisi Wateso wa Amukura tukajikuta upande mmoja na binamu zetu wa Tororo upande mwingine. Kwa hivyo Ravine na Amukura zote zilihamishwa nchi bila kuhama.

Murumbi alizaliwa na mpaka ndani ya nyumba. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake, Njambiki, alikuwa Mmaasai wa Uasin Gishu, binti ya laiboni aliyeitwa Murumbi. Mtaani tungemwita mtoto huyo pointi faivu na kucheka. Kenya ya wakoloni haikucheka. Mzungu alikuwa na shule yake na hospitali yake, Mhindi zake, Mwafrika zake. Mtoto kama huyu angewekwa wapi?

Baba alijibu swali hilo kwa tiketi ya meli. Joseph akapelekwa Bangalore, kusini mwa India, akasomea shule za Kikatoliki, kati yake St. Joseph's. Ujana wake wote ukaishia huko. Hakukuwa na simu ya kupiga Jumapili, wala likizo ya kurudi nyumbani kila baada ya miezi mitatu. Barua yenyewe ilisafiri kwa meli. Huko alivunja sauti, akafuga masharubu, akawa mtu, na mama yake hakuona hata kimoja.

Hebu linganisha na huku kwetu. Kenya ilipoondoa kidato cha tano na sita na kuleta 8-4-4 mwaka wa 1985, vijana wengi walianza kuvuka kwenda Uganda kutafuta masomo hayo, hasa wale ambao alama zao za kidato cha nne hazikufungua mlango wa chuo kikuu. Kutoka Malaba hadi Tororo ni mwendo mfupi wa bodaboda. Bado anayesoma huko akirudi likizo utamjua. Anachanganya maneno, Kiingereza chake kimepinda kidogo, anakuambia mambo ya Kampala ambayo hukumuuliza. Binamu wanamchekelea kwamba amekuwa wa kule, na kule nako wanamwita Mkenya. Kama muhula mmoja unaweza kumfanya mtu hivyo, miaka kumi na zaidi inamfanyaje?

Lakini ugeni ulimpa kitu pia. India ya miaka ya 1920 ilikuwa inachemka. Mwaka wa 1930, Gandhi alipotembea na watu wake hadi baharini kuchota chumvi kupinga kodi ya Mwingereza, Murumbi alikuwa kijana wa miaka 18. Alikulia katika nchi ambako watu wa rangi ya kahawia walikuwa wakimwambia Mwingereza hadharani aende kwao. Kenya ya wakati huo mambo kama hayo yalisemwa kwa kunong'ona.

Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na akakuta lile swali la zamani bado linamngoja. Angeweza kukaa upande wa baba. Kwenye foleni ya wakoloni, Mgoa alisimama mbele ya Mwafrika, akilipwa mshahara mzuri zaidi kwa kazi ile ile. Murumbi akachagua upande wa mama. Akabeba jina la babu yake laiboni, na ndilo tunalomjua nalo leo. Siku hizi kubadilisha jina ni kitu cha kufanya mtandaoni dakika mbili. Wakati ule ilikuwa ni kukubali kushuka ngazi ukiwa macho wazi.

Kutoka 1941 alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza, karibu miaka kumi. Aliporudi Nairobi, Kenya ilikuwa inawaka. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na Murumbi akajikuta kaimu katibu mkuu wa chama cha KAU. Alisaidia kutafuta mawakili wa kesi ya Kapenguria. Mwaka uliofuata akaondoka nchini, akapitia India na Misri hadi London, akaishi uhamishoni hadi 1962 akipigania uhuru wa makoloni. Yule mtoto aliyelazimishwa kuishi ugenini sasa alijua kuishi huko, na akautumia ujuzi huo kwa faida ya nyumbani.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi ambaye naye alipelekwa India kusoma akiwa na miaka minane. Sidhani walihitaji kuelezana mengi. Februari 1965 Pinto alipigwa risasi ndani ya gari lake nje ya nyumba yake Westlands. Murumbi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alivunjika moyo. Mwaka wa 1966 Jaramogi alijiuzulu na yeye akateuliwa makamu wa rais. Kabla mwaka haujaisha akaamua kuondoka. Fikiria ni wanasiasa wangapi unaowajua ambao wangeachia kiti hicho kwa hiari.

Baada ya hapo akafanya alichokipenda: kukusanya. Vitabu, stempu, vinyago, vitambaa, shanga, barua za zamani, kutoka pembe zote za Afrika. Akiwa na Alan Donovan alianzisha African Heritage, jumba la sanaa lililopata jina duniani. Mtu aliyelelewa mbali na Afrika akaishia kuwa mlinzi wa vitu vyake. Mimi naona hapo kuna kijana wa Bangalore akijirudishia, kimoja baada ya kingine, yale aliyoyakosa utotoni.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Aliuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini itakuwa kituo cha utafiti kuhusu Afrika. Nyumba ikabomolewa. Alifariki tarehe 22 Juni 1990, akazikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto.

Mikusanyo yake mingi bado ipo kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile ambalo kila mtu Nairobi hulitumia kama mahali pa kukutania. Watu wanasimama nje wakingoja dakika ishirini, na ndani kuna maisha mazima ya mtu.

Kwa hivyo kama una mdogo wako anayesoma ng'ambo ya mto Malaba, mwache alete lafudhi yake mpya. Anachohitaji akirudi ni mtu wa kumfungulia mlango na kumwita kwa jina la nyumbani. Murumbi ilibidi alitafute jina hilo mwenyewe.