Thomas Graham, mkemia aliyetoa majina

Kwetu Aveba, uji wa muhogo ukilala sufuriani, asubuhi huwa umeganda na unatikisika. Jina la hali hiyo nilikuja kulikuta katika maisha ya Thomas Graham, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1805.

Baba yake alimtaka awe mchungaji. Yeye akachagua kemia, wakakosana. Mwaka 1861 alionyesha kwamba chumvi hupenya utando, gundi haipenyi. Vitu vya namna ya gundi akaviita koloidi, kutokana na neno la Kigiriki la gundi. Baadaye, vikiwa majimaji akaviita soli; vikiganda, jeli. Alifariki mwaka 1869. Leo, kwa njia ya soli-jeli, kioo hutengenezwa bila kuyeyusha mchanga.

Baba yangu naye hakutaka nisome lugha. Nikirudi nyumbani nitamsimulia habari za Graham: hata kemia ilimhitaji mtu wa kuipa maneno.