James Jamerson: besi tamu kwa sponji na nyuzi kuukuu

Tunapopiga redioni nyimbo za Motown za miaka ya 1960, besi mnayoisikia mara nyingi ni ya James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, Marekani, akahamia Detroit mwaka 1954. Huko alianza na besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama.

Baadaye alishika gitaa la umeme, Fender Precision la mwaka 1962. Siri ya mlio wake haikuhitaji fedha nyingi: nyuzi nene zenye uso laini, ambazo hakuzibadilisha ila zilipokatika, kipande cha sponji chini ya nyuzi, pale zinapofungwa, ili mlio usivume sana, na kidole kimoja tu, cha shahada. Mpiga besi wa kijijini anaweza kujaribu hayo hata kwa gitaa la bei nafuu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye santuri za Motown. Liliandikwa mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Jamerson alifariki Los Angeles mwaka 1983, akiwa na miaka 47. Wengi wetu tuliijua besi yake kabla ya kulijua jina lake.