Mwalimu Nyerere na maji ya ziwa: mkataba aliokataa kuurithi

Kila tunapogusia ziwa kwenye kipindi, swali moja halikosi kurudi: haya maji ni ya nani? Wasikilizaji wa Misungwi, Magu na Ukerewe huuliza kama ni kweli Misri inaweza kutuzuia kuchota. Leo tunajibu kwa kupitia maisha ya mtu mnayemjua nyote, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Kuhusu uhuru, Ujamaa na Muungano yamesemwa mengi. Sisi tutamfuata kwa njia ya maji.

Mtoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika mkoa wa leo wa Mara. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe. Inaelezwa kwamba jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki, na alipewa kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilikuwa kubwa.

Alikuwa na umri wa miaka 7, bado anachunga mbuzi wa baba yake, pale barua mbili zilipobadilishwana mjini Cairo. Ilikuwa tarehe 7 Mei 1929. Barua moja iliandikwa na Waziri Mkuu wa Misri, nyingine na mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini humo. Hizo barua mbili ndizo zinazoitwa Mkataba wa Maji ya Mto Naili wa 1929.

Walikubaliana hivi: katika Sudan na katika nchi zote zilizokuwa chini ya Waingereza, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme kwenye Naili, matawi yake, au maziwa yanayoupa maji, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itachelewesha kufika kwake, au itashusha kina chake na kuidhuru Misri. Labda Misri ikubali kwanza.

Naili Nyeupe inatoka Ziwa Viktoria pale Jinja, Uganda. Kwa hiyo ziwa letu lilikuwa ndani ya mkataba, na Tanganyika nayo, kwa kuwa Uingereza ndiyo iliyokuwa ikiitawala. Mtanganyika hata mmoja hakuulizwa.

Kwa haki tuseme na upande wa pili. Misri haipati mvua ya kutosha kulima, na watu wake wameishi kwa mto huo tangu enzi za kale. Hofu yao juu ya maji ni ya kweli. Lakini shida ya jirani haiondoi haki ya mwenye nyumba kuulizwa.

Kutoka Mwisenge hadi Ikulu

Mwaka 1934 kijana Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mji uliopo kando ya ziwa. Akaendelea Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alifundisha Tabora, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, mwaka 1949, na aliporudi akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU, yeye akiwa rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu, lakini jina la Mwalimu likabaki.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, mkutano wa kimataifa kuhusu hifadhi ya wanyama na mazingira ulifanyika Arusha. Hapo Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, tofauti na lile Azimio la Arusha la 1967 lililohusu Ujamaa. Aliahidi kwamba nchi yake itawatunza wanyama pori, na papo hapo akaeleza kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, na mataifa mengine nayo yachangie. Miaka miwili baadaye chuo cha wanyamapori cha Mweka kikafunguliwa karibu na Moshi.

Kwenye ahadi ile Nyerere alisema mwenyewe, kwa niaba ya nchi yake. Suala la Naili lilikuwa tofauti, kwa sababu hapo wengine walikuwa wameshasema kwa niaba yetu.

Miaka miwili ya kuchagua

Nchi ikipata uhuru, mikataba iliyosainiwa na mkoloni inaendelea au inakufa? Baadhi ya nchi mpya ziliirithi yote. Nyerere alikataa njia hiyo. Mwishoni mwa Novemba 1961, siku chache kabla ya bendera mpya kupanda, aliliambia Bunge kwamba mikataba kati ya Uingereza na nchi nyingine iliyoihusu Tanganyika itaendelea kwa miaka miwili tu. Katika muda huo serikali itazungumza na kila nchi husika. Ule utakaokubaliwa upya utaendelea, na usiokubaliwa utakoma.

Wanasheria wa dunia wameupa msimamo huo jina lake. Uganda na Kenya zilifuata njia inayofanana, na nchi nyingine za Afrika pia.

Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi tena. Wakati huo Mwalimu alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu ili aimarishe chama, na nafasi yake ilishikwa na Rashidi Kawawa. Lakini barua ilifuata msimamo uleule. Ilieleza pia kwamba Tanganyika iko tayari kuzungumza na wenzake ili maji yagawanywe kwa haki. Misri ilijibu kwamba kwao mkataba unaendelea mpaka upatikane mwingine.

Nyerere hakukataa kila kitu cha mkoloni. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo, yeye ndiye aliyependekeza mipaka ya wakoloni iheshimiwe, kwa kuwa kuichora upya kungeleta vita. Kwa maoni yake mpaka mbaya ulivumilika kuliko damu. Mkataba wa kugawana maji ungeweza kuzungumzwa bila mtu kufa.

Mezani na majirani

Kukataa ilikuwa kazi ya barua moja. Kujenga kitu kipya kukachukua miaka. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 na kufunika mashamba ya pwani, na nchi zote zikaona haja ya kupima maji kwa pamoja. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri zilianza mradi wa kupima mvua na kina cha maziwa.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa, na utafiti wa samaki wa ziwa ukawa chini yake, makao yakiwa Jinja. Mfano wa sangara unaonyesha kwa nini jambo hilo lilikuwa la lazima. Samaki huyo alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na hakuhitaji kibali cha kuvuka mpaka mpaka akafika nyavu za Mwanza. Amekula furu wengi, na ameleta viwanda na fedha. Uamuzi wa upande mmoja umebadilisha maisha ya pande tatu.

Jumuiya ilivunjika 1977. Mwaka huohuo Tanzania, Rwanda na Burundi zilisaini Rusumo mkataba wa bonde la Mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Mwaka uliofuata vita vya Kagera na Idi Amin vikaanza. Meza ya mazungumzo juu ya ziwa ikabaki bila watu kwa muda mrefu.

Wanakijiji hawakuulizwa

Maisha ya Mwalimu yana upande mwingine, na wazee wa Usukuma wanaukumbuka. Mwaka 1973 alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji vya pamoja. Wasukuma walikuwa wamezoea kaya zilizotawanyika, kila moja na mashamba na malisho yake. Operesheni Vijiji ikawahamisha, wengine kwa nguvu, na kuna nyumba zilizochomwa.

Ardhi nayo iliumia. Kabla ya hapo kaya ilitenga ngitili, yaani eneo la majani na miti linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate malisho kiangazi. Familia zilipohamishwa, ngitili nyingi zilibaki bila mwenyewe. Miti ya karibu na vijiji ikaisha kwa kuni, na mashamba ya karibu yakachoka. Shinyanga ilikuwa imeshaharibiwa tangu enzi za mkoloni, misitu ilipofyekwa kuua mbung'o na kupanda pamba. Vijiji vikaongeza mzigo.

Kwa hiyo aliyekataa mkataba uliofungwa bila kuwauliza watu wake, aliwahamisha watu wake bila kuwauliza. Tunaliandika hili kwa heshima, kwa kuwa ndilo funzo kubwa la maisha yake kwa anayepanga sera ya mazingira leo.

Kuelekea mwisho wa urais wake alitembelea Shinyanga, akauona mkoa unavyogeuka jangwa, na hakuficha masikitiko yake. Mwaka 1986, baada ya kung'atuka, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza. Mwanzoni wataalamu walileta miche kutoka kwenye vitalu. Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuwarudia wananchi na kufufua ngitili, kwa sheria ndogo zilizopitishwa na vijiji na kulindwa na sungusungu. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani.

Baada yake

Mwaka 1996 alirudi Mwanza akiwa mzee wa usuluhishi, akiwakutanisha Warundi waliokuwa wakipigana. Februari 1999, jijini Dar es Salaam, nchi za bonde la Naili zilizindua ushirikiano mpya wa mto huo, Misri na Tanzania zikiwa meza moja. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Novemba 30 ya mwaka huo, Arusha, mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ukasainiwa.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza kujenga bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kupeleka maji ya ziwa Shinyanga na Kahama. Misri ilikuwa bado inautambua mkataba wa 1929. Serikali ilijibu kwa msimamo wa 1962, na bomba likazinduliwa 2009. Baadaye maji hayo yamefika hadi Tabora.

Mkataba mpya wa bonde zima uliwekwa wazi kusainiwa Entebbe, tarehe 14 Mei 2010. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, siku moja kabla ya kutimia miaka 25 tangu Mwalimu afariki. Unazitaka nchi zitumie maji kwa haki na kiasi, bila kuwadhuru wengine sana. Misri na Sudan hazijaingia.

Basi, kwa aliyetuuliza: Tanzania haitambui kwamba inahitaji ruhusa ya Misri ili kuchota. Lakini kanuni ileile ya kutodhuru inatugusa sisi pia. Taka zinazobebwa na Mto Mirongo kupita katikati ya jiji la Mwanza huishia ziwani, na ziwa hilo wanalinywa Wakenya na Waganda.

Kijijini kwako ngazi ya kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ndogo za kulinda kingo za mto, ngitili na vyanzo vya maji hupitia hapo. Ukiona sheria inatumika ambayo hukuwahi kuisikia ikijadiliwa, muulize mwenyekiti ilipitishwa siku gani, na uombe kuona muhtasari wa kikao.