Nikolai Vavilov, Mlinzi wa Mbegu za Mababu

Askari ajua maana ya lindo: ni kutunza mali ya wengine hata tumbo likiwa tupu. Leo twawasimulia ndugu zetu wa majeshi na polisi habari za bingwa wa Urusi ambaye lindo lake lilikuwa mbegu.

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Tangu 1921 hadi 1940 aliongoza taasisi ya mimea mjini Leningrad, akazunguka mabara akikusanya mbegu za asili. Mwaka 1927 alipita na msafara wake katika milima ya Uhabeshi, nchi aliyoihesabu kuwa miongoni mwa chimbuko la mtama. Alitambua kwamba mbegu za mababu, hata zile zizaazo haba, zina tabia za thamani: hii huvumilia ukame, ile hushinda maradhi.

Tena mbegu mbili za nasaba za mbali zikipandishwa, mara nyingi kizazi cha kwanza huwapita wazazi wote wawili kwa nguvu na mavuno. Mtama ulichelewa kupata faida hiyo, kwa kuwa ua lake hujichavusha lenyewe. Mwaka 1954 wataalamu wa Texas, Marekani, walitangaza njia ya kupata mtama usio na chavua, kwa kupandisha aina mbili zenye asili ya Afrika. Mwaka 1983 Sudan nayo ikawapa wakulima wake mtama chotara uitwao Hageen Dura-1.

Vavilov hakuyaona hayo. Lysenko, mpinzani wa elimu ya urithi aliyependwa na Stalin, alimpiga vita. Vavilov alikamatwa mwaka 1940, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kifungo. Alifia gerezani Saratov Januari 1943, mwili umedhoofishwa na njaa. Hukumu ilifutwa mwaka 1955.

Wakati huo huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Baadhi ya wasaidizi wake walikufa njaa kando ya akiba ya mpunga na nafaka nyingine, wala hawakuigusa.

Nguvu ya chotara hupungua mbegu yake ikipandwa tena, kwa hiyo wazazi hawana budi kutunzwa daima. Basi tukienda likizo vijijini na kukuta mtama wa wazee umetundikwa juu ya meko, tusiudharau. Huo nao ni lindo.