Alexis St. Martin, Mtu Aliyekuwa na Tundu Tumboni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Likizo iliyopita babangu alimezeshwa mpira hospitalini ili vidonda vyake vya tumbo vitazamwe. Alirudi nyumbani koo likimuuma, akaapa ati hakanyagi huko tena, hata majibu hayataki. Nilipomweleza mwalimu wetu wa Bayolojia, alinipa habari za Alexis St. Martin nisome. Hebu nami nikusimulie.

Alexis alikuwa kijana wa Kanada, mpiga kasia wa wafanyabiashara wa ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu naye. Risasi zilimpasua ubavu wa kushoto zikatoboa tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu bila kutumaini kwamba angepona. Alipona, lakini tundu halikufunga. Ilibidi lizibwe kwa kitambaa, la sivyo chakula kingetoka nje.

Kwa kuwa hakuwa na kazi wala pesa, Beaumont alimchukua nyumbani kwake. Mwaka wa 1825 majaribio yakaanza. Daktari alifunga vipande vya nyama, mkate na kabeji kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni na kuvivuta baada ya saa moja, mbili, tatu. Aliyatoa pia majimaji ya tumbo, akayatia chupani pamoja na nyama katika joto kama la mwili. Lo! Nyama ikayeyuka mumo humo chupani! Ikathibitika kwamba tumbo halisagi tu kama jiwe, bali hutoa maji yenye asidi ya haidrokloriki.

Hayo tunayasoma darasani. Tusiyoyasoma ni taabu za Alexis. Mwaka huo huo alitoroka akarudi kwao, akaoa. Mwaka wa 1829 alikubali kurejea na mkewe na watoto. Mwaka wa 1832 alitia alama kwenye mkataba, maana hakujua kuandika, achunguzwe mwaka mzima kwa dola 150, chakula na malazi. Kitabu cha Beaumont kilitoka mwaka wa 1833, na sifa zikawa za daktari. Baadaye Alexis alirudi Kanada, na barua za Beaumont za kumbembeleza hazikumtoa huko. Beaumont alifariki mwaka wa 1853, naye Alexis mwaka wa 1880. Jamaa zake waliuacha mwili uoze kwanza, kisha wakamzika futi 8 chini, madaktari wasije wakamchukua tena.

Siku hizi watafiti wanaweza kupima maji hayo bila tundu wala mpira. Mtu hula chakula kilichotiwa dawa inayoonekana pichani, halafu hulala ndani ya mashine yenye sumaku kubwa. Mashine hupiga picha za tumbo kipande kwa kipande. Kadiri tumbo linavyotoa maji, ndivyo dawa inavyozimuka, na hapo hupigwa hesabu ya maji yaliyotoka. Lakini vidonda bado hutazamwa kwa mpira.

Nilimsimulia babangu haya yote jioni moja. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza huyo Alexis aliishi miaka mingapi na tundu lake. Nikamwambia 58. Jumatatu iliyofuata aliamka mapema, akaenda kuchukua majibu yake.