Daktari wa Miaka 22

Wanachuo wenzangu, kama unaona andiko lako la mwaka wa tatu haliwezi kumsaidia mtu, hebu msome George Huntington.

Alizaliwa mwaka 1850 East Hampton, Long Island, Marekani. Baba yake daktari, babu yake daktari. Utotoni, akiwa na baba yake kwenye mizunguko ya kutazama wagonjwa, alikutana na wanawake wawili barabarani, mama na binti. Walikuwa warefu, wamekonda, viungo vinajinyonga na nyuso zinajikunja bila wenyewe kutaka. Hakuwasahau.

Alihitimu udaktari Columbia mwaka 1871. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22 tu, makala yake ikachapishwa. Hakuwa na maabara. Alikuwa na macho yake na kumbukumbu za wagonjwa wa babu na baba, yaani vizazi vitatu vya kuangalia familia zilezile. Akaeleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa, huanza ukubwani, huvuruga akili na huwasukuma wengine kujiua. Akaongeza jambo zito: mtoto akisalimika, uzao wake nao umesalimika. Familia zenyewe ziliogopa hata kuutaja.

Ndani ya ubongo kuna nini? Sehemu ya katikati iitwayo straiatamu, inayosaidia kuongoza mwendo, husinyaa kwa sababu seli zake zinakufa. Zinazotangulia kufa ni zile zinazozuia mijongeo isiyotakiwa. Ni kama gari limekatika breki. Baadaye gamba la ubongo nalo hupungua. Chanzo chake, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 4, kilipatikana mwaka 1993: herufi CAG zikijirudia mara 40 au zaidi, protini ya huntingtini huharibika na kuganda vibonge ndani ya seli. Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuurithi, na dawa ya kuuponya bado haipo. Kwa hiyo kijana wa umri wetu aliyezaliwa katika familia hiyo ana swali gumu: apime au asipime?

Huntington mwenyewe hakuendelea na utafiti. Alirudi kutibu watu wa kawaida vijijini New York, na alifariki mwaka 1916. Ugonjwa unaitwa kwa jina lake, lakini daftari la babu nalo lina sehemu yake. Tuandike tunachokiona, jamani, na tusitupe madaftari ya wazee.